Mtoto wa Bijou Aliyenyweshwa kwa Sirene

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, Kolwezi yetu haikuhitaji saa. Sisi wa nyumba za kampuni ya migodi, huku Dilala, tuliamshwa na sirene, tukaenda shule kwa sirene, na mama zetu wakabandika maji ya bukari, ugali wetu, kwa sirene. Ililia mara tano kwa siku kutoka upande wa karakana, sauti ndefu ya kupanda na kushuka, na mbwa wote wa mtaa wakaiitikia. Nyumbani palikuwa na saa ya ukutani iliyosimama tangu kabla sijazaliwa. Mama aliipangusa vumbi kila Jumamosi na kuiacha ilivyo. Nani angehangaika kuitengeneza?

Nyinyi wa rika langu mnaijua ile miezi ya baridi, vumbi jekundu la migodi linavyoning'inia hewani asubuhi mpaka jua lenyewe linaonekana limevaa nguo. Tuliruka nzango, mchezo wa wasichana wa kurushiana miguu, hadi miguu ikawa myekundu kufika magoti, tukala mapera mabichi na vipande vya kikanda, ile keki ya mizizi na karanga, tulivyoomba kwa mama wa sokoni, tukarudi nyumbani tumbo linauma na furaha tele. Wajukuu wangu nikiwaambia waruke nzango, wanatafuta kwanza video ya kuonyesha miguu inawekwa wapi. Nami nawacheka, maana siku hizi magoti yangu hayana cha kuwaonyesha.

Rafiki yangu wa nzango alikuwa Ngalula. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta mfupi, na ukuta wenyewe ulikuwa na tundu ambalo hakuna mzazi aliyewahi kusema lizibwe. Mama yake alikuwa mkunga. Alikuwa amepokea karibu watoto wote wa barabara yetu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mama yangu alipenda kunitania nikimjibu vibaya: "Ngoie, nitakurudisha kwa Mama Ngalula, aseme kama ni we kweli alinipatia."

Walikuwa na mbwa jike, Bijou, wa rangi ya udongo wetu ule ule. Nilikuwa na miaka kumi Bijou alipopata uchungu. Alianza asubuhi, sirene ya saa sita ikalia, naye bado anahema chini ya meza ya jikoni, macho yamegeuka. Mama Ngalula aliporudi kazini hakuvua hata viatu. Alinawa mikono, akajipaka mafuta ya kupikia, akapiga magoti sakafuni. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuja kwa miguu ya nyuma, akakwama, na Mama Ngalula akawa anavuta polepole huku akimsemesha Bijou kwa Tshiluba cha kwao Kasai, sauti ile ile aliyowasemesha wanawake. Mtoto alipotoka alikuwa mdogo kuliko kiganja, ameloa, hajisogezi.

"Amekufa?" Ngalula aliuliza.

"Hayakufa, huyu. Alisahabu tu kupumua. Leta kitambala, mbio!"

Mama Ngalula alimsafisha pua kwa kidole, akampuliza, akamsugua mgongo kwa kitambaa mpaka nikadhani atamchuna ngozi. Halafu tukasikia kitu, sauti nyembamba sana, kama mlango wa kabati ukifunguka. Mimi na Ngalula tulishikana mikono tukalia. Bijou alimnusa mwanawe mara moja, akalaza kichwa, na kabla ya jua kushuka alikuwa ameshakufa.

Hivyo tukawa mama wa mbwa, wawili sisi, wa miaka kumi kila mmoja. Tulipewa boksi la sabuni, nguo kuukuu, na chupa ya bia iliyojaa maji ya moto, imefungwa kitambaa, ili apate wa kumlalia. Maziwa ya unga tuliyapata kwa kunyimwa chai ya maziwa sisi wenyewe, na kichupa cha dawa ya macho kikawa titi. Mama Ngalula alitufundisha kumnywesha akiwa kifudifudi, tone kwa tone, asipaliwe, na kisha kumpangusa tumbo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili akojoe. "Mama yake angemulamba," alisema. "Sasa ulimi ni nyinyi." Na ratiba yake ilikuwa hii: kila sirene ikilia, anywe, na kati ya sirene na sirene, mara moja tena. Akichelewa, anapoa. Akipoa, basi.

Tukataka kumpa jina siku ile ile. Mama Ngalula alikataa katakata. Hata kwa watoto wa watu alikuwa hivyo, hakupenda waitwe kwa haraka. "Afungule macho kwanza," alisema. "Mutu anaitwa na mwenye anamuona." Tukakubaliana kwamba jina atalitoa Ngalula, kwa kuwa Bijou alikuwa wao, siku macho yatakapofunguka. Yeye tayari alikuwa nalo moyoni. Nilimbembeleza, nikampa mapera, nikamnunia, hakusema. "Nataka anione kwanza," alinijibu. "Nitamuambia yeye wa kwanza, we wa pili."

Siku ya tano akina Ngalula wakafukuzwa.

Nyinyi mliokuwepo mnajua, sina haja ya kurefusha. Migodi ilikuwa inafia mikononi mwa watu wazima, mishahara haionekani, na kukatafutwa wa kulaumiwa. Wakasema watu wa Kasai warudi kwao. Ngalula alizaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwenye ramani ya darasani, pale pale nilipoijua mimi. Babu yangu naye alikuja na gari-moshi kutoka kaskazini kutafuta kazi ya shaba, lakini yeye hakuna aliyemwuliza arudi lini. Vijana wenye fimbo walipita barabarani wakigonga milango fulani na kuruka mingine. Mlango wetu waliuruka. Naona aibu mpaka leo nikikumbuka kwamba nilifurahi.

Mama Ngalula alipanga nguo katika masanduku mawili na kufunga sufuria ndani ya shuka. Mtoto wa Bijou alikuwa mdogo mno kwa safari, na huko walikokwenda kusubiri, uwanjani pa gare, stesheni ya gari-moshi, watu walilala nje kwenye baridi. Ngalula aliniletea boksi kupitia tundu la ukuta. Hakulia. Alinipa na kichupa, akakipangusa kwanza kwa gauni lake.

"Ngoie, usisahabu. Kila sirene."

"Kila sirene," nilimwambia.

Gari-moshi halikuja siku ile wala ya pili. Maelfu ya watu walikaa juu ya masanduku yao, wakipika kwenye mbabula, yale majiko ya bati, moshi wa makaa umetanda hata gare yenyewe ikaonekana inaelea. Baba aliniruhusu niende kumwona rafiki yangu, kwa sharti moja. "Unatoka na sirene ya saa sita, unarudi na ya saa saba na nusu. Kati ya hizo bale bijana banaenda kula. Mbele ya sirene kulia, sikuone mu barabara. Umesikia?" Nilisikia. Basi kila mchana, sirene ikianza tu kupanda, nilikuwa mbio, mtoto wa mbwa nimemfunga kifuani kwa kitenge cha mama. Ngalula alikuwa akinisubiri penye nguzo ya taa. Alimnywesha mwenyewe, akimhesabia matone, na Mama Ngalula alimpima kwa kiganja na kusema anaongezeka. Pale pale uwanjani, nyuma ya mashuka yaliyoshikiliwa na wanawake, alikuwa bado anazalisha. Siku zile zimebaki kichwani mwangu kama ndoto ya mchana, yenye moshi, na katikati yake vidole vya Ngalula vimeshika kichupa cha dawa ya macho.

"Macho?" aliuliza kila siku.

"Bado."

Asubuhi ya siku ya kumi na tatu nilimwinua kutoka kwenye boksi, na kope moja ilikuwa imeachana. Ndani palikuwa na kitu cheusi cha buluu, chenye maji. Nikamfunika uso haraka kwa kitenge. Najua ni upuuzi, lakini nilitaka asinione mimi, amwone Ngalula. Nikamfunga kifuani, nikajaza kichupa, nikakaa kizingitini kungoja sirene ya saa sita.

Nikangoja. Kivuli cha paa kikafika miguuni pangu, kikanipita. Mama alitoka nje, akatazama upande wa karakana, akarudi ndani. Maji ya bukari hakuyabandika. Mama wa nyumba ya tatu naye alikuwa amesimama na sufuria tupu, na wa ng'ambo vilevile, barabara nzima inangoja kuambiwa kuwa ni mchana. Mtoto alianza kulia kifuani mwangu, nikamwambia anyamaze kidogo, sirene inakuja. Sikumnywesha. Nilitaka anyweshwe na Ngalula. Aliponyamaza, nilidhani amenisikia.

Mama ndiye aliyemshika. "We mutoto, iko baridi huyu!" Alinyang'anya kitenge, akamweka ndani ya nguo yake, juu ya titi, akamsugua kama alivyoona Mama Ngalula akisugua. Mtoto alipochezesha mguu, mama aliniambia neno moja tu: "Kimbia." Nikamchukua nikakimbia bila sirene.

Uwanja wa gare ulikuwa umejaa majivu ya mbabula, makaratasi, na ukili uliokatika. Penye nguzo ya taa hapakuwa na mtu. Mzee aliyekuwa akifagia alinitazama, akasema gari-moshi liliondoka jua likiwa katikati. Nilimfunua mtoto uso. Macho yote mawili yalikuwa yamefunguka, na aliyemwona wa kwanza alikuwa mimi.

Jioni baba alirudi, akakaa bila kula. Sisi watoto tulidhani sirene inalia yenyewe, kama jogoo. Kumbe alikuwepo mzee karakana, mtu wa Kasai, aliyeibonyeza kila siku kwa kidole chake, hata alipokuwa akilala uwanjani pa gare na wenzake. Alitembea kwenda kuiliza, akarudi kukaa juu ya sanduku lake. Siku ile naye alipanda gari-moshi. "Tulimufukuza mwenye alikuwa anatuambia saa," baba alisema, na sikumwona tena akicheka kwa muda mrefu.

Mbwa yule aliishi miaka mingi, akawa mkubwa na mwenye kiburi, mwizi wa samaki. Jina sikumpa. Sikuwa na haki. Tulimwita "we", na aliitika.

Leo Dilala imejaa motokari za madini na pikipiki za taxi-moto, kila mtoto ana saa mfukoni inayosema mpaka sekunde, na bado wajukuu wangu wanachelewa chakula. Wana mbwa wa kuoshwa kwa shampoo, aliyepewa jina hata kabla hajaletwa nyumbani. Nawatania, wananicheka, tunaishi. Lakini ikifika mchana, mikono yangu inasimama yenyewe, kisu juu ya kitunguu, nasikiliza upande wa karakana.

Ngalula, kama uko na unasoma haya: alifungua macho siku ile, tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshamfunga kifuani, na maziwa yalikuwa ya moto. Nilikuwa kizingitini tu pale, nangoja sirene.