Vichwa Visivyo na Mstari kwenye Fomu

Mzee Tobias alisaga samaki wa serikali miaka kumi na tisa, na sijaona mtu mwingine aliyemheshimu samaki aliyekufa kiasi kile. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika maabara ya serikali alimofanyia kazi hiyo, ambayo sitaitaja jina, na sote tulikuwa watu wa Eastlands, Nairobi: mimi Buruburu, yeye mtaa wa Tena, ambako mkewe, Benta, alikuwa na kibanda cha supu. Kwa hiyo haya si ya kuambiwa. Mengine niliyafanya kwa vidole vyangu mwenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Kila Jumatatu samaki walifika kwa gari la moshi kutoka pwani, ndani ya sanduku la barafu. Tobias, tai shingoni chini ya koti jeupe ingawa hakuna aliyemwagiza kuvaa tai, aliwapima urefu, akawakata, akaikausha nyama, akaisaga ikawa unga. Unga ulipelekwa kwenye mashine iliyoonyesha una madini mazito kiasi gani, hasa risasi, ile inayotoka kwenye betri kuukuu na rangi za meli. Mwongozo uliagiza nyama ya mgongoni tu. Kichwa, matumbo na mifupa vitupwe. Ulikuwa umeandikwa na watu wanaokula samaki kwa uma, nadhani, na kuletwa kwetu sisi tunaokula kwa mikono miwili.

Maana huku kwetu kichwa ndicho kilicholiwa. Mahoteli ya mjini yalichukua minofu ya samaki wa pwani, vichwa vikaja Eastlands kwa mabeseni, na Benta alikuwa mmoja wa akina mama waliovipokea. Supu yake nimeinywa mara nyingi. Mifupa tuliinyonya hadi ikabaki mieupe, na jicho tuliligombania.

Mwaka wa 1983 Rispa, binti yao, alijifungua mtoto wa kwanza akaja kukaa kwa mamake. Mzazi akawa anapewa supu ya vichwa asubuhi na jioni ili maziwa yashuke, kama Benta mwenyewe alivyopewa na mamake. Wiki hizo hizo, chaza waliochukuliwa karibu na jaa moja la pwani walionyesha risasi iliyopita kiasi. Na ndani ya matumbo ya samaki Tobias alikuwa akikuta vipande vya mifuko ya nailoni, akavihifadhi kwenye chupa dirishani. Akaanza kukosa raha. Kama chaza wana risasi, na samaki wanakula uchafu ule ule, je, kile kichwa anachonyonya Rispa kina nini ndani yake?

Alimwuliza mkuu wetu, Dakta Mbuthia. Dakta akamjibu kwa upole kwamba fomu haina mstari wa kichwa. Baada ya wiki akauliza tena, akaambiwa aandike barua. Akaandika, mimi nikaipiga chapa, ikakaa kwenye trei chini ya kikombe cha chai mpaka ikapata duara la kahawia. Nilikasirika kwa niaba yake, tena sana, lakini hasira yangu ilikuwa ya kukaa kwenye kiti.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote hiyo: alidanganya. Alichukua vichwa vitatu kwenye beseni la mkewe, akavikausha, akavisaga na mifupa yake yote, akavipa namba kama sampuli za kawaida. Mtu wa mashine akavipitisha bila kujua. Majibu yakarudi: risasi mara sita ya ile iliyokuwa kwenye nyama.

Dakta Mbuthia hakufoka. Afadhali angefoka. Alichukua kalamu nyekundu, akazikata zile namba tatu, akasema hizo si sampuli, ni takataka, na kwamba anamsamehe kwa sababu ya utumishi wake wa muda mrefu. Kisha rasimu ikaletwa mezani kwangu. Ilisema sehemu zinazoliwa za samaki wa pwani ni salama.

Tobias alikuja akasimama kando ya taipureta yangu, akaniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo.

"Hawa watu wameandika sehemu zinazoliwa," akasema. "Sasa hii kichwa si watu wanakula? Wewe mwenyewe umekula kwangu. Weka mstari mmoja tu."

"Mzee, mimi napiga chapa tu," nikamwambia.

Alirudi kwenye kinu chake, nami nikatoa nakala nne safi, bila kosa hata moja.

Nyumbani alimkataza Benta kupika vichwa. Benta akamwuliza karatasi inayosema hivyo iko wapi. Hakuwa nayo. Akamwuliza tena kama anataka binti yake akaukiwe na maziwa, au ni kile kibanda kinachomwuma. Siku chache baadaye redio ikasoma sentensi yangu kwenye taarifa ya mchana, na Benta akaagiza beseni la pili. Tobias alijaribu kuimwaga sufuria mbele ya wateja. Wakamshika mikono, wakamkalisha kwenye benchi taratibu kama mgonjwa, na Tena nzima ikasema samaki wa serikali wamempanda akilini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumwona mtoto. Alikuwa mnono, ngumi zimekunjwa, amelala kifuani kwa mamake. Nilipotoka nje Benta alinikaribisha bakuli la supu. Nikasema nimeshiba.

Benta hakuwa mjinga. Alinitazama, akatazama bakuli, akajifuta mikono kwenye leso na kunivuta kando.

"Syombua, wewe ndiye unaandika mambo ya ofisi," akasema. "Huyu mzee anasema vichwa ni sumu. Kuna mtoto ananyonya hapo ndani. Niambie ukweli tu, na mimi nitaacha leo hii."

Tobias alikuwa kwenye benchi, karibu kabisa, ameinua uso ananingoja. Zile namba tatu nilizikumbuka zote, hata leo nazikumbuka. Lakini akilini nilimwona Dakta Mbuthia akisikia kwamba maneno ya ofisi yametembea mpaka Tena, na kwamba ni mimi niliyeyatembeza.

"Mama Rispa," nikasema, "ripoti imesema ni salama."

Akanishukuru, akaniombea baraka. Kisha akalichukua lile bakuli nililolikataa, akaliongeza supu ya moto, akaingia nalo ndani kwa Rispa.