Matokeo ya Binti Yangu

Mwalimu wa binti yangu, pale shuleni mtaa wa Abu Hamour, huku ughaibuni tunakoishi, alinieleza matokeo ya mtihani wa kupima vipawa. Kwenye maumbo na mafumbo mwanangu aliwapita wenzake wote. Kwenye maneno alikuwa nyuma sana.

"Si kwamba hajui," alisema. "Jibu analo, ila hataki kulisema."

Nilishtuka. Marehemu dada yangu alikuwa hivyohivyo, na nyumbani walimwita bubu mpaka akaacha kabisa kuzungumza.

Nikampigia mama simu Tanga. Nilipomaliza kumweleza, akauliza, "Lakini anacheka?"

"Anacheka, mama."

Jioni nilimkuta mwanangu chumbani akinong'ona, kama anayejibu maswali ya mtu. Hapakuwa na mtu. Nikakaa mlangoni nikimsikiliza, nikiogopa kumkatiza asije akaacha kusema.