Mlio Uliomfuata Anko Wamalwa Hadi Timboroa

Anko Wamalwa hataki mtu aongee akiwa anasikiliza gari, hata kama huyo mtu ndiye mwenye gari. Anainua kidole, anafumba macho, na kibanda chote hapo Kapsoya kinanyamaza. Oketch, jirani anayechomelea vyuma, huzima mashine yake na kungoja.

Anko ni kaka mdogo wa mama yangu. Kazi yake ni kung'oa spika zilizokuja na gari kutoka kiwandani, zile za karatasi zinazokohoa ukiongeza sauti, na kuweka seti mpya mahali pake. Wufa, spika kubwa ya sauti nzito, inakaa mlangoni. Twita, spika ndogo kama kifuniko cha soda, inakaa juu karibu na kioo cha pembeni. Katikati yao kuna kisanduku kinachogawa muziki, sauti nzito ziende chini na nyembamba ziende juu. Mafundi wengine mjini hufanya hivyo pia, lakini wao hupima kwa mashine.

"Mimi nina haya mawili tu," Anko huwaambia wateja, akigusa masikio. "Siku yakikataa kazi, nafunga kibanda."

Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

Likizo ya Agosti nilikaa kwake, na wiki ya kwanza tu nani akaingia na gari la kijivu? Madam Jemutai, anayetufundisha fizikia. Nilitaka kuzama chini ya meza.

"Nanzala! Kumbe unaishi kwa watu wa muziki. Ndiyo maana ile kazi ya mawimbi hukuimaliza."

Alikuwa amenunua hilo gari kutoka kwa familia ya mzee mmoja aliyefariki mwezi wa kwanza. "Hakufia ndani," aliongeza haraka, kabla hata hatujauliza.

Anko alimaliza kazi siku moja. Alifungua milango, akabandika shiti za lami ndani ili bati lisitetemeke, akafunga spika mpya, akaficha nyaya vizuri kabisa. Halafu akainua kidole na kufumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Unausikia?" akaniuliza.

"Nini, Anko?"

"Mlio. Mwembamba. Kama mbu aliye chumba cha pili."

Niliweka sikio kwenye spika. Sikusikia kitu.

Mlio wa gari anaujua vizuri. Waya ukifungwa vibaya, alteneta, ile inayochaji betri, huingiza mlio kwenye spika, na ukikanyaga mafuta nao unapanda. Lakini huu, alisema, haukupanda wala kushuka. Alifungua kila kitu na kufunga upya. Akapitisha nyaya upande mwingine. Akabadilisha twita zote mbili. Siku ya pili ikaisha, na ya tatu.

"Wamalwa, hiyo gari ni ya marehemu," Oketch akamwambia kutoka kwake. "Mzee anataka redio yake ya zamani. Mrudishie!"

"Na wewe chunga marehemu wateja wako wasije kudai mageti uliyowaharibia."

Walicheka. Lakini niliona kwamba Oketch aliacha kupita upande wa lile gari, akawa anazunguka kwa nyuma. Hata mimi nilianza kuogopa. Asubuhi moja nilileta chai nikamkuta Anko amechuchumaa, sikio kwenye mlango uliovuliwa ngozi yake, chuma kitupu na matundu. Ufunguo ulikuwa juu ya meza na gari lilikuwa limezimwa. Naye alikuwa anauambia mlango, kwa upole kama mtu anayebembeleza mtoto, "Nyamaza. Nyamaza basi."

Nilirudi nyuma na chai yangu.

Siku ya nne Madam alikuja kuchukua gari. Aliketi, akafungulia kwaya aliyokuwa nayo kwenye simu, na papo hapo akakunja uso.

"Fundi, hizi za juu zinanichoma masikio."

"Si ndio huo mlio! Hata wewe umeusikia!"

"Sijasikia mlio. Nimesema zinachoma. Ni kali."

Lakini Anko alikuwa ameshaingia kiti cha nyuma. "Hapa kuna kelele nyingi. Twende mahali kimya nikuonyeshe. Siwezi kukupa gari linalolia, Madam. Nikishindwa na mlio, mimi si fundi tena."

Madam alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Tukaenda.

Tulipofika Timboroa, kule juu milimani, ilikuwa saa tisa mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Tuliingia njia ya msituni mpaka sauti ya malori ikapotea. Anko alifungua boneti akachomoa vichwa vyote viwili vya betri. Akarudi, akafunga mlango.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ukungu ulikuwa umebana vioo, na miti ya karibu ilionekana nusu nusu.

"Bado," Anko akanong'ona. "Bado iko."

Akachomoa twita ya kushoto, akaikata kwenye nyaya zake, akaishika mkononi. Kitu kidogo, hakijaunganishwa na chochote duniani. Akakiweka sikioni.

"Bado."

Akaiacha twita kwenye kiti kana kwamba imemuunguza. Akatoka nje, akaenda kati ya miti, hatua kumi, ishirini. Ukungu ukachukua miguu yake, kisha mgongo, kisha kichwa. Halafu tukasikia sauti yake tu.

"Nanzala! Hata huku iko!"

"Madam," nikasema, "imemfuata?"

Nilidhani atanicheka. Hakucheka. "Mwite arudi," alisema.

Anko aliporudi, Madam alikuwa ametoa simu yake. "Fundi, sasa nitapiga mlio wa kweli. Utapanda polepole. Inua mkono, ukiacha kuusikia ushushe. Nanzala naye afanye hivyo. Fumbeni macho."

Mimi nilichungulia. Mlio ulianza chini kama filimbi, ukapanda. Mikono yetu yote miwili ilikuwa juu. Ukapanda tena, ukawa mwembamba, mkali, kama waya unaopita ndani ya jino. Mkono wa Anko ukashuka ukatulia gotini. Alikaa kimya, uso umetulia, na ule mlio umejaa gari lote.

Akafumbua macho. "Imeisha. Shusha mkono, Nanzala."

"Anko, bado inalia."

"Usinichezee."

"Haki ya Mungu, Anko. Inalia sasa hivi."

Alimtazama Madam. Madam akampa simu. Aliiweka kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena.

"Sikio linaweza kupoteza sauti nyembamba," Madam akasema taratibu. "Na pale palipobaki patupu, kichwa kinatengeneza mlio wake. Ule unaousikia hautoki kwenye gari."

Nilitamani sana uwe ni mlio wa marehemu.

"Umeanza lini?" Madam akauliza.

"Krismasi. Nilidhani ni gari la mteja. Halafu gari lingine. Halafu..." Niliona amegundua jambo fulani, maana alirudisha betri haraka haraka, akafunga twita, akafungua kile kisanduku cha kugawa sauti. Ndani yake kuna kipini cha kuchagua nguvu ya twita. Alikuwa amekiweka juu kabisa.

"Fungulia kwaya."

Akashusha kipini hatua moja. "Sasa?"

"Bado kali kidogo," Madam akasema.

Akashusha tena. "Sasa?"

"Hapo, Anko," nikasema. "Hapo kabisa."

"Kwangu mimi ni kama wameimba ndani ya blanketi."

Kidole chake kilibaki juu ya kipini. Nilijua anataka kukirudisha. Kwaya iliimba ubeti mzima. Kisha akaondoa kidole na kukaza kifuniko kwa bisibisi.

"Unalikubali gari, Madam?"

"Nalikubali. Na Jumatatu unaenda kwa daktari wa masikio, nitakupeleka mimi."

Tuliposhuka, kabla hata hatujafika lami, Anko alikuwa anahesabu kwa vidole magari yote aliyofunga tangu Krismasi. Kumi na moja. Akapiga simu ya kwanza, kwa Javan, dereva wa teksi wa Yamumbi.

"Javan, ni Wamalwa wa spika. Lete gari nishushe zile za juu. Hapana, hazijaharibika. Ni mimi."

Javan aliongea kwa sauti hata nikamsikia kutoka kiti cha mbele. Alisema zimekuwa zikimuumiza kichwa tangu Februari, lakini alimwona fundi amefumba macho kwa raha, akadhani ubaya uko kwake.

"Hauko kwako," Anko akasema, na akatafuta namba ya pili.