Meza Mbili za Ijumaa

Hapa Mlolongo ninapoishi siku hizi hoteli zimepangana mlango kwa mlango, na sijapata hata moja inayojua kupika muthokoi. Juzi niliagiza, nikaletewa mahindi magumu ya kuvunja meno, yamemwagiwa supu nyekundu juu. Nikamwuliza msichana aliyeleta, "Mama, hii ni nini?" Akanijibu bila hata aibu, "Si ni muthokoi, anti." Woi! Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa, lakini roho yangu haikuwa pale. Ilikuwa Machakos, kwenye hoteli moja nyuma ya soko, miaka ile ya tisini, siku ya Ijumaa mchana.

Na atakayeniambia muthokoi ni githeri tu, tutakosana. Githeri unatupa mahindi na maharagwe kwenye sufuria na maganda yake, basi. Muthokoi lazima mahindi yatwangwe kwenye kinu na maji kidogo mpaka ganda litoke, yapepetwe, ndiyo yapikwe na mbaazi, polepole, mpaka punje ivimbe na iwe laini kabisa. Mama mwenye ile hoteli aliinjika yake asubuhi kabla hajafungua mlango. Ikifika saa za chakula, harufu ya kitunguu na mbaazi ilikuwa imefika mpaka kwa wauza mitumba. Kulikuwa na matumbo pia, na chapati, na ndengu nzito, na chai ya maziwa iliyoletwa kwenye glasi moto mpaka unaishika kwa ncha za vidole. Meza zilikuwa za mbao, zimefunikwa plastiki yenye maua, na ukuta ulikuwa wa kijani hadi kiunoni, juu mweupe uliokwisha kuwa kahawia kwa moshi. Hakuna kitu cha maana pale ukitazama kwa macho, lakini mimi nikikumbuka ule ukuta machozi yananilenga, na sitaki mtu anicheke.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Nikabaki na baba, fundi wa nguo, aliyeweka cherehani yake barazani mwa duka moja hapo mjini. Na nikabaki na susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Alikuwa mama wa mama yangu, mzee mwembamba mwenye meno machache na maneno mengi, aliyekaa kule juu milimani. Kila Ijumaa alishuka sokoni na ndizi na avokado zake, na kila Ijumaa baba alihakikisha kwamba hapandi mlima kurudi kwake bila kula chakula moto. Shule zikifungwa, mimi nilikuwa naye kutwa nzima, nikimfukuzia nzi kwenye ndizi.

Sasa, mwanamume wa Kikamba na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaketi meza moja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha na kujifanya anatazama majani. Hiyo inaitwa nthoni, na si ugomvi hata kidogo. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Watu wengi wa mjini walikuwa wameshaiacha, wanasema wameokoka, wengine wanasema wamesoma. Lakini baba na susu? Ng'o. Hao walikuwa wameishika kwa mikono miwili.

Kwa hivyo walikula hivi. Kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na meza mbili ndogo zilizofuatana. Susu alikuja kwanza na mimi, akaketi akitazama mlango wa mbele, kisha baba alipotokea, susu alivuta leso mpaka kwenye nyusi na kuinamisha kichwa. Baba alipita kando kando kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, akaketi meza ya pili, uso kwenye ukuta wa kijani. Wakawa mgongo kwa mgongo, ungeweza kupitisha sinia katikati yao. Mimi niliweka kiti changu hapo pembeni, kati ya meza zote mbili, nikila huku na huku kama paka.

Chakula hakikubadilika. Baba, ugali matumbo. Susu, muthokoi iliyopondwa kidogo kwa ajili ya fizi zake. Yeye mwenyewe alitoa avokado kwenye kikapu, akaikata vipande viwili, nusu akaitia kwenye sahani yake na nusu akanipa nipeleke meza ya nyuma. "Mpelekee," alisema tu. Baba aliipokea kwa mikono yote miwili, ingawa aliyempa hakuwa anamwona.

Halafu mazungumzo yakaanza. Baba anauambia ukuta, "Muulize mama kama kule juu kumenyesha."

Susu amesikia. Hoteli nzima imesikia, hata mpishi. Lakini susu anatafuna zake, anangoja nigeuke na kusema, "Susu, baba anauliza kama kumenyesha."

"Mwambie kumenyesha kidogo tu, ya kulaza vumbi."

"Baba, anasema kumenyesha kidogo, ya kulaza vumbi."

"Enhe," baba anasema.

Mimi ndiye niliyekuwa simu yao, kabla simu za mkono hazijafika Machakos. Nimepeleka habari za mvua, za ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa, za mguu wa susu, za maksi zangu za hesabu, ambazo kwa kweli ningependa zisipelekwe popote. Na mwisho, kabla baba hajanawa mikono, swali lilikuwa ni lile lile siku zote: "Muulize mama kama muthokoi imeiva vizuri."

"Mwambie imeiva. Mwambie ale, chakula chake kinapoa."

Chakula chake kilikuwa kimekwisha zamani, lakini hivyo ndivyo alivyojibu.

Mimi nilichoka na mchezo huo. Watoto wenzangu niliwaona pale hotelini wakila na jamaa zao meza moja, wakinyang'anyana chapati, wakicheka. Ijumaa moja nikamwambia susu, tukiwa njiani kutoka sokoni, kwamba nataka tukae meza moja sote watatu kama watu. Nilifikiri atacheka. Alisimama, akashusha kikapu chini.

"Sikiliza," aliniambia. "Mama yako hayupo. Kilichobaki kati yangu na baba yako ni hii nthoni. Siku atakapoketi mbele yangu na kunitazama usoni, ujue mimi si mama yake tena. Nitakuwa mwanamke mzee tu anayeuza ndizi."

Tangu siku hiyo nilianza kuogopa. Nilikuwa na baba na susu peke yao duniani, na kilichowaunganisha kilikuwa ni kutotazamana. Ningepoteza mama mara ya pili kama baba angegeuza kiti tu.

Na wanawake wa sokoni hawakunisaidia. Walikuwa na midomo, hao! Walisema mbele yangu, huku wakipanga nyanya, kwamba fundi bado kijana, hawezi kukaa na cherehani maisha yake yote, ataoa. "Na akioa," mmoja alisema, "atakuwa na mama mkwe mpya wa kumwonea haya. Huyu wa zamani atasalimiwa tu kama watu wengine." Susu alikuwa ameketi pale pale. Alifunika ndizi zake kwa gunia kana kwamba jua limezidi.

Baba akaoa. Nilikuwa darasa la saba. Mama mdogo alikuwa mtu mzuri, sina la kumsema. Alinisuka nywele na hakunipiga hata siku moja. Lakini siku ya harusi nilikaa nyuma ya nyumba na soda yangu mkononi nikiwaza jambo moja tu: Ijumaa ijayo baba ataketi wapi?

Ijumaa hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mji ulikuwa umejaa mpaka unatema watu. Wazazi walikuwa wananunua viatu na masanduku, na kwenye baraza la baba foleni ya sare za shule ilikuwa imefika barabarani. Tena hoteli ya Wasomali iliyokuwa jirani ilikuwa imefunga kwa swala ya Ijumaa, na wale wote waliokuwa wanangojea pilau yake walikuwa wamehamia kwetu. Susu na mimi tuliwahi meza yetu kwa kubana. Ile ya nyuma, meza ya baba, ilikuwa imekaliwa na familia nzima na sanduku lao juu ya kiti.

Kiti kimoja tu kilikuwa wazi hoteli nzima. Kilikuwa kwenye meza yetu, mbele ya susu, uso kwa uso.

Baba akaingia, tepu ya kupimia shingoni, nyuzi zimemganda kwenye sweta. Akasimama katikati ya hoteli. Aliyekuwa anagawa chakula alikuwa mgeni, hakujua mambo yetu, akaita kwa sauti, "Mzee, njoo, kiti ni hiki hapa! Kaa na mama, ugali wako uko tayari!"

Susu alikuwa ameshavuta leso. Kichwa chini. Mkono wenye kisu ulikuwa umesimama katikati ya avokado na haukwenda mbele wala nyuma. Mimi nilishika ukingo wa meza na kumwomba Mungu, haki ya Mungu niliomba, baba asikae, wakati huo huo nikijua amechoka, amesimama tangu asubuhi, na kiti ni kile kile.

"Kaa basi, mzee, unafunga njia."

Baba alinyoosha mkono, akapokea sahani ya ugali na matumbo, akageuka, akatoka nje. Nilimwona kwa mlango. Aliweka sahani juu ya pipa la maji pale barazani, akaupa mlango mgongo, akaanza kula amesimama kama kibarua wa mjengo, jua la mchana kichwani, wateja wake mwenyewe wakipita na kumshangaa. Watu hotelini wakaanza kunong'ona kwamba pengine fundi amekosana na mtu. Susu hakuinua uso. Nilisikia tu anavyopumua.

Kisha sauti ya baba ikatoka kule nje, juu ya makelele yote ya mji, kwa sababu ilibidi apige kelele: "Muulize mama kama muthokoi imeiva vizuri!"

Hoteli nzima ikageuka. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. "Susu, baba anauliza kama muthokoi imeiva vizuri."

Susu alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Mabega yanatikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. Halafu nikaona ni yote mawili. "Mwambie imeiva," alisema, "mwambie ale..." na hakuweza kumaliza. Akamaliza kukata avokado. Akanipa nusu, nusu kubwa, na akasema kwa sauti ya kuwafikia wale wanawake wauza nyanya huko walikokuwa, "Mpelekee mkwe wangu!"

Nilikimbia nayo. Baba aliipokea kwa mikono miwili, macho yake mekundu, akadai ni pilipili.

Waliendelea hivyo miaka mingi, wale wawili na migongo yao. Mimi nikaenda shule ya bweni, nikapata kazi huku Mlolongo, kwenye barabara ya Mombasa, nikawa narudi Machakos Ijumaa nikipata ruhusa, na bado nilipeleka habari za mvua kutoka meza moja hadi nyingine, mtu mzima mzima, nimevaa viatu vya kisigino. Kisha mguu wa susu ukakataa kushuka mlima, na baadaye yeye mwenyewe akatuacha. Ile hoteli nayo ilibomolewa. Pamesimama ghorofa sasa, chini wanauza simu. Nimewahi kuingia humo nikasimama tu, mwenye duka akaniuliza nataka simu gani, nikashindwa kumwambia kwamba nilikuwa natafuta harufu ya kitunguu.

Muda fulani baada ya mazishi ya susu, nilimpeleka baba kula. Nywele zake zilikuwa zimeshageuka nyeupe. Tuliingia hoteli mpya ya mjini, vioo kila mahali, televisheni ukutani, meza nzuri dirishani zenye upepo. Nikamwambia, "Baba, tukae hapa tuone watu." Alizipita meza zote za dirishani, akaenda mpaka nyuma kabisa, akavuta kiti, akaketi uso kwenye ukuta. Meza iliyokuwa nyuma yake ilikuwa tupu. Mimi nikaketi pembeni, pale ninapoketi siku zote.

Aliagiza ugali matumbo. Kisha akaagiza muthokoi, na akamwelekeza msichana kwamba ipondwe kidogo. Ilipokuja nilitaka kuivuta kwangu, lakini aliisukuma taratibu hadi ukingoni mwa meza, upande ule wa nyuma. Akala ugali wake. Nilikuwa namwangalia. Macho yake yalikuwa safi, hakuwa amechanganyikiwa. Baba yangu alijua vizuri sana yuko wapi na ni siku gani.

Akaweka tonge chini. Akautazama ukuta.

"Muulize mama kama muthokoi imeiva vizuri."

Nikageuka kuitazama ile meza tupu. Nilikaa hivyo, kama ilivyotakiwa, mpaka jibu lingekuwa limetoka.

"Anasema imeiva, baba," nikamwambia. "Anasema ule, chakula chako kinapoa."

"Enhe," akasema baba, akamega ugali.