Pilau ya Watu Wawili

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa napiga video ya arusi Buyenzi. Nyanya wa bibi arusi akanikaribisha kula, nami nikajidai mtu mwenye kwake: "Apana, nyanya, bibi yangu ananingoja." Mke mwenyewe sina. Akanifungia pilau ya watu wawili.

Nilipofika chumbani kwangu Musaga nikagundua kamera ilizimika katikati ya nikaha, na faili haifunguki. Programu ya kuiponya inataka mfano: video nzima, yenye sauti, ya kamera ileile. Basi nikatega kamera, nikala huku naongea. Nikaha ikapona. Mi mjinga nikatia faili zote mbili kwenye fleshi, nikawapelekea wenye arusi.

Ukoo mzima ulikaa mbele ya televisheni. "Weka, mutoto wangu, tuone," nyanya akasema. Nikabonyeza faili ya kwanza, nikatokea mimi, napakua pilau kwenye sahani mbili, mbele yangu kiti kitupu.

"Kula, mama watoto," nakiambia. "Nyanya amekutumia. Chumvi imetosha?"

Halafu kwenye televisheni nikanyamaza, nangoja jibu, na sebule nzima ikangoja pamoja nami.