Interro Mbele ya Bugali

Papa Munguakonkwa wa Mabanga ni mtu wa vicheko. Huko Birere, kwenye depo ya simenti anakofanya ukarani, hata wabeba mizigo humpenda kwa utani wake. Lakini akishafika nyumbani na kunawa mikono, mzaha ulikuwa unaisha. Bugali uko mezani, unafuka moshi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimekaangwa, na hakuna mkono unaogusa sahani kabla Dorine, binti yake, hajajibu interro, yaani maswali ya masomo ya siku hiyo. Akikosa, baba hakupiga wala hakutukana. Alirudia swali polepole, akimkazia macho, kisha akaongeza kwamba Charline wa jirani angeshajibu. Kwake yeye huo ndio ulikuwa upendo: baba yake mwenyewe, kule Walungu, hakuwahi kumuuliza hata jina la mwalimu wake.

Dorine, wa miaka kumi na minne, akaanza kuumwa tumbo kila jioni. Chakula kikamshinda, usingizi ukamkimbia, na yule msichana aliyeimba hata akiosha sufuria akanyamaza. Mama yake, Marie-Louise, akampa dawa ya minyoo. Bure. Muuguzi wa dispensari akauliza tumbo huanza wakati gani. Dorine akatazama chini, akasema linaanza akisikia moto, ile pikipiki inayomleta papa, ikisimama mlangoni.

Mama alimfikishia mumewe maneno hayo kama yalivyo. Munguakonkwa akachukia. Eti yeye ndiye ugonjwa? Akajitetea mpaka bugali ukapoa, na interro ikaendelea.

Basi, shirika lao la kanisani likapata zamu ya kuhudumia misa, naye akachaguliwa kusoma somo la kwanza. Alifurahi kama bwana harusi. Jumamosi, alipoketi tu kula, Marie-Louise akavuta sahani upande wake.

"Papa Dorine, interro mbele. Soma."

Akacheka, akasimama, akafungua Biblia. Mkewe akamkazia macho. Kwenye mstari wa pili ulimi ukakwama. Akarudi nyuma, akakwama palepale.

"Papa Charline alisomaka muzuri," mama akasema, kwa upole kabisa.

Jasho likamtoka. Na kumbe tumbo nalo likajikunja, tumbo la mtu mzima, ndani ya nyumba yake. Mkewe alikuwa ameanza kucheka. Dorine peke yake hakucheka. Aliichukua sahani, akairudisha mbele ya baba yake.

"Papa, kula kwanza. Utasoma nyuma."

Munguakonkwa akaketi. Akamgeukia binti yake.

"Tumbo inakuumaka hivi?"

"Kupita hivi."

"Basi tukule, mutoto wangu. Interro imeisha."

Kesho yake alisoma kanisani, akakosea maneno kadhaa, na misa ikaenda vizuri tu.

Dorine hakupona mara moja. Baba alipomuuliza nani amechekesha darasa leo, mwanzoni alijibu neno moja, akidhani ni mtego. Muuguzi akawaambia wamwache aende mwendo wake. Mpaka jioni moja akaanza mwenyewe: mwalimu Achille wa hesabu, soli ya kiatu ilibaki katikati ya mawe ya volkano, akafundisha saa nzima akiruka kwa mguu mmoja. Alisimulia kwa Kifaransa, mdomo umejaa sambaza, Kifaransa chenyewe kikichechemea kuliko huyo mwalimu. Munguakonkwa alifungua kinywa amsahihishe, akakitia tonge kubwa, akatafuna.