Swali la Mama wa Kasoli

Mimi si mtu wa subira, na mpaka leo sijui nani aliona ninafaa kuwa mnasihi. Nililetwa Bariadi kutoka Moshi, nikapewa chumba nyuma ya dirisha la dawa la hospitali: meza moja, viti viwili na feni isiyozunguka. Wagonjwa waliniita daktari. Nilichoka kuwasahihisha, nikaitikia.

Aliyenishinda ni mama mmoja, mkulima wa pamba wa Kasoli. Mara ya kwanza alikuja na mumewe. Alipiga goti mlangoni akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", mimi niliye sawa na binti yake. Nikamjibu vivyo hivyo kwa lafudhi yangu ya Kichaga, akacheka. Sikumwona akicheka tena.

Shida yake ilianza baada ya ubatizo. Alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba, na pamoja na jina alirithi shanga za mkononi. Kwao anayezivaa ndiye anayemtunza marehemu. Wazee wa ukoo walimwita bibi tangu akiwa mtoto. Alipookoka, mchungaji akamwambia zile shanga ni kifungo cha mapepo, zichomwe mbele ya kanisa. Akazichoma kwa mkono wake. Msimu huohuo, akipalilia, akaanza kumsikia bibi akilia. Akaacha kula, akaacha kulala, hadi siku moja akakutwa kisimani akijibizana na mtu asiyeonekana.

Daktari wa kweli alimwanzishia vidonge, na vilimsaidia, asinidanganye mtu. Baada ya miezi miwili alikuwa analala na anapika. Nilimkanya asiviache hata akijiona mzima. Kilichobaki ni swali moja, na kila alipokuja alilileta, macho yake yakiwa kwenye pindo la khanga.

"Daktari, aliyenikasirikia ni bibi, au ni Mungu?"

Nami kila mara nilimwambia hapa hatuzungumzii dini. Ndivyo nilivyosomea: mnasihi hamwingizii mtu imani yake. Lakini hakuna aliyenifundisha nisimsikilize. Niliogopa, basi. Mama yangu alikufa kwa saratani huku tumefunga na kuomba hadi magoti yamechubuka, na tangu tumzike sikuwa nimesali hata sala ya chakula. Jumapili nilikaa kanisani nimefumba macho kama wenzangu, nikiwaza nguo nilizoanika. Mtu wa hivyo ndiye aulizwe habari za hasira ya Mungu? Mganga hajigangi, wahenga walishamaliza.

Siku ya mwisho aliniuliza mara mbili. Kulikuwa na joto, foleni ilifika nje, na mimi nilikuwa na hasira zangu. Nikamwambia mambo ya Mungu ampelekee mchungaji wake, ndiyo kazi yake. Kwenye faili nikaandika: masuala ya imani, ameelekezwa kwa kiongozi wa dini. Nikajiona mtaalamu hasa.

Akaenda, maana neno la mtu wa ofisi vijijini ni amri. Mchungaji akampangia kufunga siku ishirini na moja, na vidonge avikabidhi madhabahuni. Mumewe alinieleza baadaye kwamba mara mbili huko nyuma mkewe alikuwa amemkatalia huyo mchungaji, akisema daktari amekataza dawa zisiachwe. Safari hii hakukataa. Alijua ni mimi niliyemtuma.

Alirudishwa kwangu amefungwa kamba ya ng'ombe kiunoni, mkono wa kulia umeviringishwa kitenge. Alikuwa ameuingiza kwenye mafiga, moto unawaka, akitafuta shanga. Vidole viwili havikuokolewa. Nilimwita kwa jina la ubatizo, hakugeuka. Mumewe akamwita kwa jina la bibi, hakugeuka pia. Tangu siku hiyo hajasema neno. Dawa amerudishiwa, sindano anachomwa, na daktari haniambii tena habari ya kupona.

Wiki iliyopita nilikwenda wodini, nikakaa kitandani kwake, nikamwita mama kwa lugha yao, nikamjibu.

"Hakuna aliyekukasirikia, mayu. Si bibi, si Mungu."

Aliendelea kutazama ukuta. Ni mumewe, ambaye kanisani hajawahi kuingia, aliyevua kofia na kusema amina. Niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni, kwa sababu yeye aliniamini na mimi nilikuwa sijiamini.

Jana alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. Akaniomba niende tena nikamwombee mkewe, maana maombi ya daktari huenda yakasikika. Nikamwambia nina watu wananisubiri kwenye foleni. Akatazama benchi la nje, ambalo halikuwa na mtu, akashukuru, akarudi wodini.